Akili bandia kwenye mashindano ya roboti ya shule: njia nne za kuandika kanuni

Katika vikao vya kuandaa shindano la roboti kati ya shule za Lubumbashi, kuna ukurasa mmoja wa kanuni unaokula muda kuliko kurasa nyingine zote: ule wa kusema kama timu zinaweza kuja na akili bandia iliyotengenezwa tayari na wengine. Mwalimu wa elektroniki anaona ni kuvuna pasipo kulima. Mwalimu wa informatiki anaona kuikataza ni kuwafungia watoto nje ya dunia yao wenyewe. Prefe, mkuu wa shule, anataka jambo liishe kabla umeme haujakatika.

Ulinganisho huu ni wa watu wa kikao hicho, pamoja na wazazi na wanafunzi watakaoishi na uamuzi wake. Shindano la watoto wa miaka 12 pale Ruashi na lile la vijana wanaomaliza sekondari ya ufundi si kitu kimoja, kwa hiyo usitarajie jibu moja kwa wote.

Vifaa vyenyewe

Kuna aina tatu, na ugomvi mwingi unatokana na kuzitia kapu moja.

Ya kwanza ni mitambo ya mazungumzo kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Unaiandikia kwa Kifaransa kwamba unataka gari lifuate mstari mweusi, nayo inakurudishia programu nzima ya Arduino, ile bodi ndogo ya elektroniki inayoendesha roboti. Ya pili ni macho yaliyokwisha fundishwa. Kamera ya HuskyLens ya kampuni ya DFRobot hutambua rangi, nyuso, mistari na vitu bila msaada wa kompyuta: unaielekeza kwenye kitu, unabonyeza kitufe, imekijua. Modeli za YOLO, yaani programu zilizojifunza kutambua vitu kwenye picha, nazo hupatikana bure zikiwa zimefundishwa kwa picha za mkusanyo wa COCO, wenye aina 80 za vitu. Zinaijua ndizi, zinaijua hata brokoli. Embe, sombe na jiwe la malakiti hazina habari navyo. Aina ya tatu ni vifaa vya kukusaidia ufundishe modeli yako, kama Teachable Machine ya Google: picha unapiga wewe, hesabu za kujifunza zimeandikwa na wengine.

Anayeingia shindano la kusonga bukari haulizwi kama alisaga mahindi mwenyewe, lakini akija na bukari iliyokwisha songwa ameshajitoa. Kikao kianze kwa kukubaliana shindano lake linapima hatua ipi. Nimeona mabishano marefu yakiisha dakika ile ile mtu anapouliza hivyo.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne, vile vile kwa kila njia. Kwanza, kile mwanafunzi anachobaki nacho kichwani baada ya roboti kufunguliwa na vifaa kurudi kabatini. Pili, usawa kati ya timu. Tatu, kama waamuzi wana namna ya kuhakikisha kwamba kanuni imefuatwa, maana kanuni isiyohakikishwa huwaadhibu waaminifu peke yao. Nne, mwenendo wa roboti uwanjani.

Usawa unadai maneno zaidi. Kwa kawaida tunafikiria mega za intaneti, laptopu na umeme, na ni kweli vinatofautiana sana kati ya shule na shule. HuskyLens imekuwa ikiuzwa karibu dola 50 kabla ya usafiri wa kuifikisha huku, fedha ambazo zinakaribia kununua gari zima dogo la roboti lisilo na kamera. Lakini kuna msaada mwingine ambao kanuni nyingi hazithubutu kuutaja, nao ni mtu. Timu moja ina mjomba mhandisi wa kampuni ya madini, anayepita kila Jumamosi kunyoosha programu. Nyingine ina mwalimu mmoja wa fizikia na telefoni moja yenye kioo kilichopasuka. Ukikataza ChatGPT hujamkataza mjomba. Na kwa ile timu ya pili, telefoni ndiyo mjomba pekee waliyempata.

Njia ya kwanza: kukataza kabisa

*Kinachobaki kichwani.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu. Mwanafunzi aliyefunga mwenyewe vihisi viwili chini ya gari, akaandika kwamba cha kushoto kikiona nyeusi mota ya kushoto ipunguze mwendo, kisha akahangaika jioni nzima kutafuta kwa nini gari linayumba kama mlevi, anatoka na kitu ambacho hakuna mtu atakayemnyang'anya. Akifika kwenye PID, yaani kusahihisha mwendo kwa kuangalia kosa la sasa, makosa yaliyolimbikizana na kasi ambayo kosa linabadilika, mikono yake inakuwa imeshaelewa kabla ya hesabu. Hata ufinyu wa Arduino Uno, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na 2 tu za kumbukumbu ya kazi, ni mwalimu.

*Usawa.* Hakuna kamera za bei, hakuna mega za kununua. Mjomba anabaki.

*Uhakikisho.* Udhaifu uko hapa, na ni mkubwa. Kamera ya bei unaiona kwa macho. Programu iliyoandikwa na mashine huioni. OpenAI yenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, waliondoa kifaa chao cha kutambua maandishi ya akili bandia Julai 2023 kwa sababu kilikuwa kinakosea mno, na hayo yalikuwa maandishi ya kawaida. Programu ya kufuata mstari ina namna chache tu za kuandikwa, kwa hiyo ya mtoto na ya mashine hufanana kwa urahisi. Kukata intaneti siku ya shindano nako hakutoshi, maana ziko modeli huria zinazofanya kazi ndani ya laptopu yenye nguvu bila mtandao wowote. Anayetaka katazo la kweli aandae kompyuta zake mwenyewe na programu ziandikwe palepale ukumbini. Bila hivyo, bora akataze kile kinachoonekana: RoboCupJunior, shindano la kimataifa la roboti la wanafunzi, katika tawi lake la uokoaji, hukataza vifaa na vihisi vilivyotengenezwa au kutangazwa mahsusi kwa kufanya kazi kuu ya shindano. Kanuni ya namna hiyo mwamuzi anaikagua kwa kuinua roboti mezani.

*Uwanjani.* Roboti sahili hushangaza watu kidogo na kukwama kidogo. Mashine zilizoipa Kongo jina katika fani hii, zile roboti za kuongoza magari za Kinshasa zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na kuanza kusimama njiani mwaka 2013, zilipaswa kwanza kabisa kuvumilia jua, mvua na kukosekana kwa umeme, ndiyo maana zikapewa paneli za jua.

*Inawafaa* wanaoanza, na waandaaji wenye ukumbi na kompyuta zao.

Njia ya pili: kuruhusu vyote

*Kinachobaki kichwani.* Inategemea timu kupita kiasi. Wenye hamu watavuka haraka hatua za mwanzo na kufika kwenye maswali ambayo zamani yalikuwa ya chuo kikuu: roboti inachambuaje mawe, inafanyaje ikikutana na kitu isichokijua. Wengine watabeba sanduku wasiloweza kulifungua. Mfano mmoja unaotosha kumnasa asiyeelewa: kwenye Arduino Uno, maktaba ya Servo (programu ya kuendesha servo, mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayotaka) huchukua saa ya ndani iitwayo Timer1, na pini za 9 na 10 hapo hapo hupoteza uwezo wa kudhibiti kasi. Mtambo wa mazungumzo unaweza kukuandikia programu safi inayogeuza servo na kuendesha mota kwa pini ya 9. Itapita bila ujumbe wowote wa kosa, na mota haitatii. Anayeelewa anahamisha waya mmoja. Asiyeelewa anarudi kuuliza mashine hadi mega zinamwishia.

*Usawa.* Ni upanga wenye makali mawili. Kwa upande wa programu, ile timu ya telefoni iliyopasuka inapata mwalimu asiyechoka. Kwa upande wa vifaa, mwenye fedha anaongeza pengo kila mwaka. Kuna na jambo la umri: masharti ya ChatGPT yanadai mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na ridhaa ya mzazi kwa walio chini ya 18. Shule inayoruhusu vyote inapaswa kuwa na karatasi za wazazi mkononi.

*Uhakikisho.* Hakuna cha kuhakikisha, kwa hiyo waamuzi wanapumua. Ila kazi ya shindano lazima ipandishwe ngazi. Ukiwapa mstari ule ule mweusi wa kufuata, timu zote zitaleta programu karibu moja, na mshindi atakuwa ni yule aliyechaji betri vizuri.

*Uwanjani.* Kamera zinajua kudanganyika. Modeli iliyofundishwa kwa picha za darasani karibu na dirisha inaweza kupotea kabisa chini ya taa za ukumbi au juani uani. Waandaaji watoe muda wa kutosha wa kufundisha upya palepale. Na kifaa kinachotuma kila picha kwenye intaneti ili kipate jibu kitasimama katikati ya uwanja mtandao ukiyumba, na sisi tunajua mtandao wetu unavyoyumba.

*Inawafaa* vijana waliokwisha pita hatua ya msingi, hasa wa chuo.

Njia ya tatu: kuruhusu kwa kutangaza na kujieleza

Timu inaleta kifaa chochote, pamoja na karatasi moja inayosema kilikuwa kipi, kilifanya nini, na wao walibadilisha nini. Kisha inakaa mbele ya waamuzi kwa dakika kama kumi. Kukiri mapema, mimi naegemea huku kwa shule nyingi za ufundi za hapa, ingawa bei yake si ndogo.

*Kinachobaki kichwani.* Mwanafunzi akijua ataulizwa, anasoma alichopewa. Chukua kihisi cha sauti cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa muda wa mwangwi kurudi, na ambacho programu yake kila mahali hugawanya muda kwa 58 ili kupata sentimita. Mazungumzo mazuri mezani yangekwenda hivi:

— Mwanangu, hii 58 umeitoa wapi?

— ChatGPT ndiyo iliandika, mwalimu, lakini tulitafuta maana yake. Sauti inakwenda sentimita moja kwa karibu mikrosekunde 29. Sasa kwenda na kurudi ni 58.

— Na ungeandika 29?

— Roboti ingeona ukuta uko mbali mara mbili. Ingeugonga.

Mtoto huyo hajanyang'anywa chochote na ChatGPT. Mwingine atajibu "ndivyo ilivyotoka", na waamuzi watakuwa wamepata jibu lao pia.

*Usawa.* Njia hii ndiyo pekee inayomgusa mjomba, kwa sababu maswali yale yale yanamfikia aliyeandikiwa na mtu na aliyeandikiwa na mashine. Hatari yake ni lugha. Mahojiano ya Kifaransa peke yake yatampa alama mtoto wa koleji anayetiririka, na kumnyima yule wa Katuba anayejua kila waya lakini anakwama kwenye sarufi. Mruhusu aeleze kwa Kiswahili chetu, achanganye maneno ya ufundi ya Kifaransa kama anavyofanya karakana. Kinachopimwa ni roboti.

*Uhakikisho.* Unawezekana, lakini unakula watu na muda. Timu 20 kwa dakika 10 ni dakika 200 kwenye meza moja. Kwa meza tatu inashuka hadi saa moja na kidogo. Waamuzi wa kutosha wanapatikana mjini, miongoni mwa wanafunzi wa Polytechnique ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au wa chuo cha informatiki cha ESIS Salama, mradi wapewe maswali mapema na waambiwe wasihutubie. World Robot Olympiad, shindano jingine la kimataifa la wanafunzi, ina mbinu mbili za kuazima. Katika kitengo chake cha RoboMission hutangazwa kanuni ya kushtukiza siku yenyewe, ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Anayeielewa programu yake anairekebisha, mwingine anaitazama. Katika kitengo cha Future Engineers, ambamo gari linalojiendesha hupita kulia kwa nguzo nyekundu na kushoto kwa ya kijani, timu huchagua bodi na kamera zenyewe lakini zinalazimika kuweka wazi maelezo na programu zao ili wengine wazisome.

*Uwanjani.* Kama njia ya pili. Tofauti ni kwamba timu iliyojieleza hurekebisha haraka inapokwama.

*Inawafaa* sekondari za ufundi na vilabu vyenye waamuzi watatu au zaidi wanaoaminika. Bila waamuzi hao, karatasi ya kutangaza itakuwa karatasi tu.

Njia ya nne: waandaaji wanagawa kifaa kimoja kwa wote

Njia hii haitajwi sana katika vikao, na ni hasara. FIRST Tech Challenge, shindano la roboti la vijana lililoanzia Marekani, iliitumia katika msimu wa 2018–2019, ambapo roboti zilipaswa kutofautisha "madini" ya dhahabu na ya fedha: programu rasmi iliyotolewa kwa timu zote ilikuja na TensorFlow, programu ya Google ya kuendesha modeli za akili bandia, na modeli iliyokwisha fundishwa kuyatambua. Mwaka 2024 waandaaji waliiondoa TensorFlow kwenye programu hiyo rasmi. Kwa hiyo anayegawa kifaa ajue amebeba mzigo wa kukitunza, na siku moja wa kukibadilisha.

Hapa kwetu kingekaa kwenye flashi: modeli moja, maktaba moja ya programu, na picha za mawe, malakiti ya kijani, heterojeniti nyeusi yenye kobalti, na mawe ya kawaida ya njiani. Hakuna mega zinazohitajika.

*Kinachobaki kichwani.* Kwa kuwa jicho ni moja kwa wote, kinachotofautisha timu ni mkono wa kushika, magurudumu, mpangilio wa kazi na akili ya kushughulika na jicho linalokosea. Huo ndio uhandisi hasa. Kama flashi ina picha na si modeli peke yake, wataona pia jinsi picha mbaya zinavyozaa modeli mbaya.

*Usawa.* Hakuna njia inayoishinda katika vifaa, mradi kamera zenyewe nazo zigawiwe. Fedha zinatoka kwa mwandaaji au mfadhili, na mfadhili wa madini atataka jina lake kwenye kila fulana. Mpe.

*Uhakikisho.* Modeli ni faili. Unalinganisha faili na faili. Ila swali la nani aliandika programu iliyobaki liko palepale, na linahitaji kipande cha njia ya kwanza au ya tatu.

*Uwanjani.* Kosa la kifaa linakuwa la wote. Kisipojaribiwa ukumbini, kwa taa zile zile na saa ile ile, shindano zima litaanguka pamoja.

*Inawafaa* mashindano ya mkoa yanayokutanisha shule za uwezo tofauti sana.

Kwa hali yako

Kama ni mara ya kwanza na watoto wengi wako chini ya miaka 14, anza na katazo, programu ziandikwe palepale. Suala la umri linajimaliza, na wanapata msingi.

Kama una wanafunzi wa ufundi na waamuzi wa kujaza meza tatu, njia ya tatu pamoja na kanuni ya kushtukiza. Ukiwa na meza moja tu, punguza timu kabla ya kupunguza mahojiano.

Kama huna waamuzi kabisa, usiandike kanuni juu ya ChatGPT. Weka mipaka ya vifaa vinavyoonekana, ongeza kazi moja ya kushtukiza, na uachie hapo.

Wa chuo kikuu: fungua milango yote, pandisha ugumu wa kazi, dai maelezo yaliyoandikwa.

Shule zenye pengo kubwa la fedha na mfadhili yupo: gawa kifaa. Mfadhili hayupo: fanya vitengo viwili vyenye zawadi zake, kimoja bila kamera za akili bandia na kingine nazo, na timu ichague mapema.

Kama mshindi wako ataendelea kwenye shindano la kimataifa, soma kwanza kanuni za shindano hilo za mwaka huo huo, kwa sababu hubadilika msimu hadi msimu, halafu ufuate ukali wake hata kama moyoni ulipenda njia nyingine. Si haki kumzoeza mtoto kamera ambayo atanyang'anywa mlangoni.

Na njia yoyote utakayoichagua, itangaze kabla timu hazijanunua chochote. Wazazi waliokwisha changa, wakaagiza kamera na kuilipia hadi ikavuka mpaka wa Kasumbalesa, hawatakusikiliza ukija na ukurasa mpya wa kanuni wiki ya mwisho.